Maswali ya Wasomaji: Udhalilishaji na Siasa Visiwani

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba vita dhidi ya udhalilishaji wa wanawake na watoto Unguja na Pemba havitafika mbali iwapo wanawake wenyewe watabaki nje ya vyombo vinavyotunga sheria na kugawa fedha za umma. Wasomaji wengi wametuandikia. Baadhi wameuliza, baadhi wameunga mkono, na mmoja ametukemea. Tumechagua barua tano. Majina tumeyahifadhi, na maelezo ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto au familia yake tumeyaondoa.

SWALI: Assalaam alaykum. Binti wa dada yangu, ambaye bado yuko skuli, alidhalilishwa na mtu mzima ambaye ni jamaa wa mume wa dada yangu. Wazee wa pande mbili walikutana wakaamua jambo limalizwe kwa kuombana radhi na kutoa fedha, ili ukoo usivunjike. Nilipokwenda kwa sheha niliambiwa nisiwe mchochezi. Nyinyi mnasema dawa iko katika siasa. Mwanamke akiingia Baraza la Wawakilishi, mtoto wetu huyu atafaidika nini?
*Mama, Micheweni*

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Tuanze na mtoto, kwa sababu siasa inaweza kusubiri dakika chache na yeye hawezi.

Waliloamua wazee halina nguvu mbele ya sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, kila aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto, na kumdhalilisha ni kosa la jinai. Kesi ya jinai si mali ya baba, babu wala mjomba hata wakaweza kuisamehe. Anayeishitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya umma. Fedha zilizotolewa hazifuti kosa hilo, hata kama zimepokelewa mbele ya mashahidi kumi.

Mpelekeni mtoto katika Kituo cha Mkono kwa Mkono au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011 na vingine vikafuata Unguja na Pemba, viliwekwa ili daktari, askari na mshauri wapatikane mahali pamoja, mtoto asilazimike kusimulia mkasa wake katika kila mlango anaobisha. Ikiwa hazijapita saa 72, zipo dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Nguo alizovaa zisifuliwe, na zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Na ikiwa siku zimekwishapita, msikate tamaa mkadhani mlango umefungwa: maelezo ya mtoto na uchunguzi wa daktari bado vina uzito. Simu namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba, Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, yaani ZAFELA, huwasaidia watu wa hali kama yenu, na katika shehia nyingi wapo wasaidizi wa sheria ambao kazi yao ni kukushikeni mkono mpaka mahkamani.

Sasa siasa. Tazama njia ambayo tumekuelekeza uipite, kisha ujiulize kila hatua iko chini ya nani. Polisi ni jambo la Muungano. Kwa hivyo Dawati la Jinsia kukosa askari wa kike, au kukosa gari la kumfuata mtuhumiwa, ni suala ambalo mbunge wako anapaswa kuliuliza Dodoma. Hospitali, mahkama zetu na Sheria ya Adhabu ni mambo ya Zanzibar. Hayo ni ya mwakilishi wako, Chukwani, lilipo Baraza la Wawakilishi. Sheha naye huteuliwa, hapigiwi kura, na kwa hivyo hawezi kuogopa kura yako. Lakini aliyemteua ana wakubwa wake, na wakubwa hao huulizwa maswali na watu uliowachagua wewe. Mahkama maalum za makosa ya udhalilishaji zilizoanzishwa mwaka 2021 hazikushuka kama mvua. Zilitokana na miaka mingi ya kelele za akina mama, waandishi wa habari, wanasheria na baadhi ya wawakilishi ambao walichoshwa na kesi zinazolala mpaka mashahidi wanahama au wanasahau.

Kuhusu muhali, yaani kuoneana haya, ambao ndio uliowakutanisha wazee wenu, tuseme wazi. Muhali una wema wake, na visiwa vyetu visingekalika bila ya kustahiana. Ila angalia ni nani siku zote anayeombwa astahamili: si mwenye mali, si mtu mzima aliyetenda, bali ni yule ambaye sauti yake ni ndogo kuliko zote katika kikao, na mara nyingi hata hakuitwa kikaoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kikao kilichomaliza kesi ya mtoto wa kike bila ya mama yake kusema neno, na baraza linalopitisha bajeti bila ya mwanamke kusema neno, ni kitu kimoja kwa ukubwa mbalimbali, na ndiyo sababu hatuwezi kuzungumzia kimoja tukakiacha kingine.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Katiba yetu tayari imewapa wanawake viti maalum kwa asilimia 40 ya majimbo. Hakuna mwanamme aliyepewa kiti kwa sababu ya uanaume wake. Je, si kuwadharau wanawake kuwabeba hivi? Na wabebwe mpaka lini?
*Mwalimu, Jang'ombe*

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Swali lako ni la haki na tutalijibu kwa kirefu kidogo, ingawa sehemu ya pili tutakukubalia kuliko unavyotegemea.

Hakuna kiti kilichoandikwa "mwanamme", ni kweli, lakini kwa muda mrefu havikuhitaji kuandikwa. Katika uchaguzi wa Julai 1957, ambao ndio wa kwanza wa ushindani hapa kwetu, hakukuwa na mwanamke hata mmoja aliyeruhusiwa kupiga kura. Waliingia katika vituo vya kupigia kura kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Baraza la Wawakilishi lenyewe lilianza 1980. Kwa hivyo tunapohesabu, wapo bibi zetu walio hai leo ambao walizaliwa katika nchi ambayo mama zao hawakuwa na kura, na si jambo la ajabu kwamba mazoea ya zama hizo hayajatoka vichwani mwetu kwa kipindi kifupi kama hiki.

Unajua vizuri kuliko sisi kwamba sheria hubeba alama za mikono ya walioitunga. Mwaka 1985 Zanzibar ilitunga sheria iliyoruhusu mwanamke ambaye hajaolewa akishika mimba afungwe jela. Mimba huonekana kwa mwanamke. Kwa mwanamme hutafutwa ushahidi. Matokeo yake unaweza kuyakisia bila ya kuyasoma. Ilichukua miaka 20, mpaka 2005, kwa sheria hiyo kufutwa na kuwekwa nyingine ambayo iliondoa kifungo cha mwanamke na mahali pake ikaweka kazi za kijamii. Hatusemi kwamba wanaume wote waliokuwamo walikuwa wabaya au kwamba wanawake wote wangeipinga. Tunasema kwamba jambo linalompata nusu ya nchi katika mwili wake halifai kuamuliwa katika chumba ambacho nusu hiyo haimo, au imo kwa watu wawili watatu.

Je, viti maalum vinazaa kitu? Kenya mwaka 2006 ilipata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Aliyepeleka muswada huo bungeni kwa jina lake, si kwa jina la Serikali, alikuwa Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, yaani mtu ambaye kwa hesabu yako "alibebwa". Hapa kwetu, Samia Suluhu Hassan wa Makunduchi aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalum, akawa waziri. Mwaka 2010 akagombea jimbo lake la Makunduchi na kushinda, na Machi 2021 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Unaweza kupenda au kutopenda siasa zake. Hilo ni jambo jingine. Ila njia yake inaonyesha kile ambacho kiti maalum kilikusudiwa kuwa: mlango wa kuingilia, si chumba cha kukaa.

Na hapo ndipo tunapokubaliana nawe. Kwa majimbo 50, asilimia 40 ni viti 20, lakini anayeamua nani akae juu yake si mpiga kura, ni chama. Mwakilishi wa viti maalum hana jimbo la kumrudia na kumuuliza, hana wananchi wa kumtetea akikorofishana na viongozi wake, na orodha ya uchaguzi unaofuata iko mikononi mwa wale wale anaopaswa kuwakosoa. Wengine wamekaa vipindi viwili vitatu bila ya kugombea jimbo, na vyama navyo vimepata kisingizio: mwanamke akichukua fomu ya jimbo huambiwa "wewe nafasi yako ipo kule". Maoni yetu ni kwamba viti hivi viwe na ukomo, mtu avitumie kipindi kimoja au viwili kisha aende jimboni. Kuvifuta leo, hata hivyo, ni kuondoa ngazi kabla watu hawajapanda.

SWALI: Haya mambo ya usawa wa kijinsia ni ya Wazungu. Zanzibar ni nchi ya Kiislamu na mwanamke ana heshima yake nyumbani. Kwa nini gazeti letu linawatoa wanawake majumbani?
*Msomaji, Mkoani*

JIBU: Tunakushukuru kwa kutuandikia badala ya kutunung'unikia. Mwanamke anayepigwa nyumbani hana heshima nyumbani, na tunaamini hata wewe hukusudii kumtetea mpigaji.

Kuhusu Wazungu: Unguja katika karne ya 17 ilitawaliwa na Mwana Mwema, na baadaye na Malkia Fatuma, kabla ya kuja maofisa wa Kiingereza na mabaraza yao ya wanaume watupu. Mkataba wa nyongeza kuhusu haki za wanawake wa Afrika ulipitishwa na Waafrika wenyewe, Maputo, Julai 2003, na Tanzania iliuridhia. Mkutano wa Beijing wa 1995 katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella.

Kuhusu dini, sisi si wanazuoni, na tutasema moja tu ambalo kila aliyepita chuoni analijua. Khawla bint Thaalaba alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumshitakia mumewe aliyemfanyia dhihar, yaani kumwambia kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Hakuambiwa arudi akastahamili. Ilishuka Suratul Mujadila, na shauri lake likawa hukumu kwa umma. Mwanamke aliyetoka nyumbani kupeleka mashitaka kwa kiongozi wa nchi hakuvunja heshima ya nyumba yake. Mama wa Micheweni, ambaye barua yake umeisoma hapo juu, amefanya jambo la jinsi hiyo hiyo.

SWALI: Nina umri wa miaka 31, ni mjasiriamali, na uchaguzi uliopita nilitaka kugombea udiwani katika wadi yetu. Nilirudi nyuma. Mume wangu alisema nikichukua fomu nijue nimejiacha mwenyewe. Katika simu zilisambazwa picha na maneno ya kunivunjia hadhi. Na ndani ya chama kulikuwa na mtu aliyenieleza kwa mafumbo kwamba jina langu litapita nikimfurahisha. Bado nataka kugombea 2030. Nifanye nini?
*Mjasiriamali, Wete*

JIBU: Dada, barua yako tuliisoma mara nyingi ofisini, kwa sababu mambo matatu uliyoyataja kila moja peke yake linatosha kumrudisha mtu nyuma, na wewe yalikupata yote kwa mkupuo.

Tuanze na yule wa chamani. Alichokutaka ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai. Si utani wa kisiasa. Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar, ZAECA, ipo tangu 2012 na kazi yake ni hiyo. Ugumu ni kwamba watu wa aina hii husema kwa mafumbo makusudi ili wakiulizwa waseme umeelewa vibaya. Kwa hivyo ukikutana naye tena, andika siku hiyo hiyo tarehe, mahali na maneno aliyoyatumia. Hifadhi ujumbe wa simu, usiufute kwa kuona kinyaa. Mweleze mtu mmoja unayemwamini wakati jambo bado ni bichi, ili awe shahidi. Na ukienda kushitaki, usiende peke yako.

Kuhusu picha na maneno, ujue kwamba hukuchaguliwa wewe kwa sababu una kasoro. Mwaka 2016 Umoja wa Mabunge Duniani uliwahoji wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39, na zaidi ya wanane katika kila kumi walisema wamepatwa na udhalilishaji wa kisaikolojia katika kazi yao: matusi, vitisho, picha za fedheha. Mgombea mwanamme hutukanwa kwa sera zake au kwa ulafi wake. Mwanamke hutukanwa kwa mwili wake na ndoa yake, kwa sababu anayemtukana anajua kwamba jamii itamalizia kazi. Bolivia ilitunga sheria maalum ya kupambana na udhalilishaji wa wanawake katika siasa mwaka 2012, miezi michache baada ya diwani mwanamke, Juana Quispe, kuuawa. Alikuwa amesumbuliwa kwa muda mrefu ili aache kiti alichokishinda. Hata tarehe 25 Novemba, ambayo huanzia Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoadhimishwa pia hapa Visiwani, ilichaguliwa kuwakumbuka akina dada watatu wa ukoo wa Mirabal wa Jamhuri ya Dominika, waliouawa siku hiyo mwaka 1960 kwa kumpinga dikteta Trujillo. Walikuwa wanasiasa.

Kwa Tanzania, usajili wa vyama ni jambo la Muungano, na sheria inayovihusu ilirekebishwa mwaka 2024 ikavitaka viwe na sera ya jinsia. Chama chako kiulize, kwa barua, sera hiyo iko wapi na inasema nini juu ya mgombea anayechafuliwa na wanachama wenzake. Usiulize kwa mdomo. Hapa kwetu jambo la mdomo hupotea na upepo wa kusi.

Lililobaki ni la mumeo, na ndilo gumu kuliko yote. Sheria ya uchaguzi haimtaki mke alete ruhusa ya mume, na ibara ya 21 ya Katiba ya Zanzibar inampa kila Mzanzibari haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Lakini unatuandikia wewe unayelala katika nyumba hiyo, si sisi. Talaka za kisiasa si hadithi Zanzibar. Wapo wanawake walioachwa kwa sababu tu walipiga kura tofauti na waume zao, wakarudi kwao na watoto, na chama walichokipigia hakikuwapelekea hata kilo ya mchele. Kwa hivyo hatutakwambia jitose tu. Tunakushauri utumie miaka iliyobaki kuzungumza naye, na ikiwezekana umtafute mtu ambaye yeye humheshimu, awe mjomba wake au sheikh wa msikiti wake, amueleze kwamba udiwani ni kazi ya taa za barabarani, taka, soko na maji. Wanaume wengi hawaogopi kazi hiyo. Wanaogopa mikutano ya usiku, safari, na maneno ya watu barazani. Basi mpange mapema mikutano utahudhuria na nani na saa ngapi. Ikiwa baada ya yote anakutishia au kukupiga, hilo limekwishatoka katika siasa, na mlango wake ni ule ule tuliomwelekeza Mama wa Micheweni.

Mengine ni ya kazi. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hivyo jina lako lazima lipite chamani, na kura za maoni hushinda aliyeonekana kwenye misiba, harusi na vikao vya tawi miaka mitano, si aliyejitokeza miezi mitatu kabla. Weka akiba yako mwenyewe, kwa sababu gharama za kampeni ndizo zinazomweka mwanamke mikononi mwa mfadhili mwenye masharti. Pemba kuna jumuiya ya PEGAO, na TAMWA Zanzibar, chama cha waandishi wa habari wanawake, nayo imekuwa ikiwapa mafunzo wanawake wenye nia ya kugombea. Waendee sasa, wakati hakuna msongamano.

SWALI: Mimi ni kijana wa kiume, mvuvi, na nina dada watatu. Sitaki kugombea kitu. Kuna la kufanya?
*Kijana, Nungwi*

JIBU: Lipo, na huhitaji kuacha bahari. Wagombea hawawezi kupita Nungwi bila ya kuja kwenye diko, mnapotua samaki, na wakija huulizwa juu ya mashine, barafu na leseni. Ongeza maswali mawili. Mgombea uwakilishi muulize kesi ngapi za udhalilishaji za wilaya yenu hazijasikilizwa, na atafanya nini ili mashahidi wapate nauli ya kwenda mahkamani, maana familia nyingi huacha kesi kwa kushindwa nauli tu. Mgombea ubunge muulize Dawati la Jinsia la Polisi lililo karibu nanyi lina askari wangapi wa kike. Akisema atalifuatilia, muulize atarudi lini, na mwambie mbele ya wenzako.

Na picha za dada wa watu zikiingia katika kundi lenu la simu wakati wa kampeni, usizipeleke mbele. Mwambie aliyezileta azifute.